Canopus: nyota ya Suheli, mji uliozama na mitungi ya Misri

Agosti 2025 Misri iliinua sanamu za kale kutoka chini ya bahari karibu na Aleksandria, na maofisa wa huko wakasema magofu yaliyokutwa huenda ni sehemu ya mji wa kale wa Canopus. Habari hiyo ilipopita hewani, simu ya studio ilijaa ujumbe. Mmoja aliuliza: Canopus si nyota? Mwingine akasema anavyojua yeye ni aina ya mtungi, kauona kwenye kitabu cha historia. Wa tatu akataka kujua kama ndiyo hiyo hiyo Suheli ambayo marehemu babu yake, mtu wa majahazi, alikuwa akiitaja.

Wote wanne wako sahihi, hata wale maofisa. Jina ni moja, vitu ni vingi, na kila kimoja kina njia yake ya kulifikia jina hilo. Kipindi chetu ni cha dakika kumi na hatukuweza kumaliza yote, ndiyo maana tumeandika makala hii uisome kwenye simu kwa nafasi yako.

Ile iliyo angani

Tuanze na nyota, kwa kuwa hiyo huhitaji nauli kuiona. Kati ya Januari na Machi, toka nje kama saa tatu usiku, mahali pasipo na taa. Tafuta kwanza zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, karibu na utosi. Fuata mstari wao kuelekea kusini-mashariki na utafika kwenye nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, Sirius. Sasa nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, na ushuke kutoka Sirius kuelekea kusini kiasi cha ngumi tatu na nusu. Utakutana na nyota nyeupe, kubwa, inayozipita kwa mbali zote zilizo jirani nayo. Hiyo ndiyo Canopus, ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku.

Usiichanganye na sayari. Zuhura huonekana magharibi baada ya jua kuzama au mashariki kabla halijachomoza, na Mshtarii hupita njia ile ile inayopitwa na jua na mwezi. Canopus haiondoki upande wa kusini. Mwezi wa Mei inazama mapema jioni, Juni huioni tena baada ya magharibi, kisha kuanzia Agosti inarudi alfajiri, kusini-mashariki. Wanaoamka mapema kukamua ng'ombe wana nafasi nzuri kuliko sisi tunaolala mjini.

Ni ya pili kwa kung'aa, lakini tusidanganyike. Sirius iko jirani: mwanga wake unatufikia kwa miaka isiyozidi tisa. Mwanga wa Canopus unasafiri takriban miaka 310. Kwa maneno mengine, mwanga unaouona usiku wa leo uliondoka kule miaka michache tu baada ya Waomani kuiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Ili kitu kilicho mbali kiasi hicho kionekane hivi, lazima kiwe na moto wa ajabu. Canopus inatoa mwanga zaidi ya mara 10,000 ya jua letu, na upana wake ni kama majua 70 yaliyopangwa bega kwa bega. Ingekuwa mahali pa Sirius, usiku tungetembea bila tochi.

Suheli, yaani kusini

Sasa tumjibu mjukuu wa yule babu. Ndiyo, ndiyo hiyo hiyo. Waarabu wanaiita Suhail, na mabaharia wa mwambao wetu walilitamka Suheli. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo neno hilo, na maana yake zinaiandika kuwa upande wa kusini. Nyota ikawa jina la upande. Haikuwa ajabu, maana katika dira ya kale ya mabaharia wa Bahari ya Hindi kila upande uliitwa kwa nyota inayochomoza au kuzama hapo, na kusini kabisa paliitwa Qutb Suhail, yaani ncha ya Suheli. Upande wa pili, neno kibla nalo lilitumika mwambao kwa maana ya kaskazini, kwa sababu ukiwa Lamu au Unguja, Makka iko kaskazini. Hivyo mtu wa chomboni aliweza kueleza safari yake yote kwa maneno mawili, kibla na suheli, bila kutaja kaskazini wala kusini.

Hapa pana jambo la maisha na kifo, si la msamiati tu. Nahodha aliyetoka Oman na pepo za kaskazi alikuwa akiijua vizuri nyota ya kaskazini, ile isiyohama. Alipima kimo chake kwa vidole, au kwa kibao kidogo chenye uzi uliofungwa mafundo, akajua amefika wapi. Lakini kadiri alivyoshuka kusini, nyota ile ilizidi kuinama. Akiipita ikweta, imezama. Kutoka hapo hadi Zanzibar, Kilwa na Sofala ilibidi afuate nyota nyingine, na Suheli ilikuwa mojawapo ya kubwa. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ambayo Suheli inakaa juu usiku kwa muda mrefu. Aliyeikosea angeweza kupandisha jahazi kwenye mwamba na watu wote waliokuwamo.

Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo, aliyaandika maarifa haya kwa urefu. Baadhi ya kazi zake alizitunga kwa mashairi ili manahodha wazihifadhi kichwani, na moja inahusu njia ya kwenda Sofala.

Huko Ghuba Suheli ina kazi nyingine hadi leo. Inapochomoza alfajiri kwa mara ya kwanza, karibu na tarehe 24 Agosti, watu wanajua kwamba joto kali la kiangazi linaanza kuvunjika. Huenda ndugu yako anayefanya kazi Muscat au Dubai amewahi kukutajia. Sisi huku tuna Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake lenyewe limetokana na kulima. Kila mahali pana nyota yake ya kalenda.

Nyota iliyopima dunia

Rudi kwenye ngumi yako iliyonyooshwa. Ngumi moja ni kama nyuzi kumi, na duara zima lina nyuzi 360. Msikilizaji wetu wa Dodoma akiipima Canopus inapokuwa juu kabisa, ataikuta ngumi nne na kidogo kutoka upeo wa macho. Wa Mtwara ataikuta karibu ngumi tano. Wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ngumi tatu na nusu tu. Nyota haijasogea. Waliosogea ni watu, juu ya ardhi iliyopinda.

Jambo hili lilionekana zamani sana. Aristotle, katika karne ya 4 KK, aliandika kwamba zipo nyota zinazoonekana Misri na Kupro ambazo hazionekani nchi za kaskazini, akaitumia hoja hiyo kuonyesha kwamba dunia ni mviringo na wala si kubwa mno. Canopus ni mfano wake bora: ukiwa Athens hutaiona mwaka mzima.

Baada yake akaja Posidonius, mwanafalsafa aliyezaliwa Apamea ya Syria karibu mwaka 135 KK na kufundisha katika kisiwa cha Rhodes. Alisema hivi: kwenye kisiwa cha Rhodes Canopus inagusa upeo wa macho na kupotea hapo hapo, lakini Aleksandria inapanda hadi sehemu moja ya 48 ya duara, yaani nyuzi saba na nusu. Kwa hiyo umbali kati ya Rhodes na Aleksandria ni sehemu moja ya 48 ya mzunguko wa dunia nzima. Mabaharia walikadiria umbali huo kuwa stadia 5,000. Zidisha kwa 48 upate stadia 240,000.

Stadia moja ilikuwa na urefu tofauti mahali tofauti, lakini kwa vipimo vinavyojulikana zaidi jibu lake linaangukia kati ya kilomita 37,000 na 45,000. Mzunguko wa kweli ni kama kilomita 40,000. Kwa mtu asiye na darubini wala saa, hilo si haba. Tuseme ukweli, alipata na bahati: tofauti ya kweli ya kimo kati ya sehemu hizo mbili ni nyuzi tano na kidogo, si saba na nusu, na umbali wa baharini nao ulikadiriwa mkubwa kupita kiasi. Kosa moja likalipunguza jingine. Njia yenyewe lakini ni sahihi kabisa. Wanafunzi wa Marsabit na wa Mtwara wakipigiana simu usiku mmoja wanaweza kuirudia kwa ngumi zao.

Mji wa sherehe na wagonjwa

Canopus ya ardhini ulikuwa mji wa Misri, kama kilomita 25 mashariki ya Aleksandria, mahali ambapo tawi la magharibi la Mto Nile lilimwaga maji baharini. Leo pale panaitwa Abu Qir. Wagiriki walisimulia kwamba Canopus alikuwa mshika usukani wa mfalme Menelaus. Wakirudi kutoka vita vya Troy waliegesha chombo hapo, nyoka akamuuma, akafa, akazikwa, na mji ukachukua jina lake. Nyota nayo, wakasema, ni yeye huyo huyo: kundi la nyota ilimo lilichukuliwa kuwa chombo, na Canopus iko sehemu ya kasia la usukani.

Ni hadithi nzuri, ila si kila mtu wa kale aliimeza. Aelius Aristides, mwandishi wa karne ya 2 BK, anaeleza kwamba kuhani mmoja wa Misri alimwambia jina hilo ni la Kimisri, lilikuwapo kabla ya Menelaus, na maana yake ni ardhi ya dhahabu. Sisi tunamwamini zaidi kuhani. Wageni kufika mahali, kulisikia jina la wenyeji na kulitungia hadithi ya kwao ni mambo tunayoyajua vizuri hapa kwetu.

Mji wenyewe ulikuwa na sifa mbili zisizofanana. Palikuwa na hekalu la mungu Serapis, na Strabo, mwanajiografia aliyefika Misri zama za mfalme Augustus, anasema hata watu wa heshima walikwenda kulala humo ili waoteshwe tiba, au waliwatuma wengine wakalale kwa niaba yao. Mwandishi huyo huyo anaeleza mfereji uliotoka Aleksandria ukiwa na mashua usiku na mchana, wanaume na wanawake wakipiga zumari na kucheza bila haya. Huku mgonjwa anaombewa, kule ngoma inakesha. Baadaye mfalme Hadrian wa Roma alipojenga makazi yake Tivoli, Italia, bwawa refu la humo likahusishwa na mji huu, na mpaka leo linaitwa Canopus.

Mwisho wa karne ya 4 mahekalu yake yalivunjwa na watawa wa Kikristo wakakaa hapo. Kisha ardhi yenyewe ikawasaliti. Delta ile ni tope na udongo wa mfinyanzi. Matetemeko, mafuriko na bahari iliyokuwa ikipanda viliulegeza mpaka majengo mazito ya mawe yakazama. Kufikia mwisho wa karne ya 8 sehemu kubwa ilikuwa chini ya maji. Mwaka 1933 rubani wa jeshi la anga la Uingereza aliyaona magofu akiwa juu, na mtoto wa ukoo wa kifalme wa Misri, Omar Toussoun, akaanza kuyatafuta kwa wapiga mbizi. Tangu miaka ya 1990 kikundi cha Mfaransa Franck Goddio kimefanya kazi kwenye ghuba hiyo pamoja na serikali ya Misri, na mwaka 2000 kilitangaza kuupata pia mji jirani, Heracleion.

Tangazo lililochongwa kwenye jiwe

Kama ni kuchagua Canopus moja ya kukumbuka, wakulima wetu tungewachagulia hii. Mwezi Machi mwaka 238 KK makuhani wa Misri yote walikusanyika mjini Canopus na kutoa tangazo la kumsifu mfalme Ptolemy wa Tatu na mkewe Berenice. Lilichongwa kwenye mawe kwa maandishi ya namna tatu: ya picha ya makuhani, ya kawaida ya Wamisri, na Kigiriki. Mwaka 1866 Mjerumani Karl Richard Lepsius na wenzake walipata nakala moja nzima huko Tanis. Jiwe hilo lilithibitisha kwamba njia ya kusoma maandishi ya kale ya Misri, iliyofunguliwa miaka arobaini na kitu kabla kwa msaada wa jiwe la Rosetta, ilikuwa sahihi.

Sasa sikiliza lilivyosema. Mwaka mmoja Mto Nile haukupanda vya kutosha, na mto usipopanda Misri hapana mavuno. Watu wakaingiwa hofu. Mfalme na malkia, linasema tangazo, waliacha sehemu kubwa ya kodi na kununua nafaka kwa bei kubwa kutoka Syria, Foinike, Kupro na kwingineko. Bila shaka ni maneno ya kusifia wakubwa, na makuhani walikuwa na sababu zao. Hata hivyo linatuonyesha nini kilihesabiwa kuwa kazi ya serikali wakati wa ukame, miaka zaidi ya 2,200 iliyopita: kusamehe kodi na kuleta chakula.

Katikati ya mkutano huo binti mdogo wa mfalme, aliyeitwa Berenice kama mama yake, akafariki. Makuhani walikuwapo. Wakaamua hapo hapo aheshimiwe kama mungu mahekaluni.

Tena kuna kalenda. Mwaka wa Wamisri ulikuwa na siku 365 kamili, lakini jua linahitaji karibu robo siku zaidi. Robo hiyo ukiipuuza, kalenda inateleza siku moja kila miaka minne, mwezi mzima kila miaka 120. Fikiria sikukuu ya mavuno ikiangukia wakati watu wanapanda. Tangazo linalalamika hasa juu ya hilo, kwamba sikukuu za kipindi cha baridi zingekuja kufanyika wakati wa joto, na likaamuru iongezwe siku moja kila mwaka wa nne. Ndiyo hiyo 29 Februari yetu. Watu hawakuifuata. Ilibidi isubiri hadi Julius Caesar alipoileta Roma mwaka 45 KK, na Misri yenyewe ikaipokea chini ya Augustus.

Angalizo kwa wanaopenda kuunganisha mambo: nyota inayotajwa kwenye tangazo la Canopus ni Sirius, ambayo kuchomoza kwake kulifungua mwaka. Canopus ya angani haimo.

Mitungi, na chombo cha kwenda Mars

Mitungi ya Canopus ilipata jina kwa makosa. Wamisri walipokausha maiti walitoa ini, mapafu, tumbo na utumbo wakaviweka katika mitungi minne, na kwa muda mrefu vifuniko vilichongwa kichwa cha mtu, nyani, mbweha na kipanga. Moyo waliuacha mwilini. Mji wa Canopus uliabudu sanamu ya mungu Osiris yenye umbo la mtungi wenye kichwa cha mtu, na wasomi wa Ulaya wa mwanzo walipoiona mitungi ya makaburini wakadhani ni kitu kimoja. Jina likaganda. Mitungi hiyo ilitumika Misri nzima, karne nyingi kabla mji huo haujasikika.

Nyota nayo ilipata kazi mpya. Novemba 1964 Marekani ilirusha chombo cha Mariner 4 kwenda sayari ya Mars. Ili chombo kisijizungushe ovyo kilihitaji alama mbili: jua, na kitu kingine chenye kung'aa kilicho mbali na njia ya jua. Wakachagua Canopus. Kifaa cha kuitafuta kilishika kwanza nyota nyingine, zaidi ya mara moja, kabla ya kuipata yenyewe. Julai 1965 chombo kikapita karibu na Mars na kutuma picha za kwanza za karibu za sayari hiyo.

Wewe nawe unaweza kupotea kama kile kifaa, na kwa sababu nyepesi. Ukipakua programu ya nyota kwenye simu ukaandika Suhail, itakupeleka kwenye nyota nyingine, hafifu zaidi, mashariki ya Canopus. Waarabu wa kale waliita nyota kadhaa za upande ule kwa jina hilo, na mwaka 2016 umoja wa kimataifa wa wanaanga ulilipa rasmi jina Suhail mojawapo ya hizo, huku Suheli ya manahodha wetu ikithibitishwa kwa jina la Canopus. Andika Canopus, elekeza simu kusini, kisha izime mwanga ili macho yazoee giza.